Anzeni na Darasa

Karatasi yenu nimeisoma, wanangu. Nimeisoma mwenyewe kwa miwani, kisha mjukuu wangu akanisomea kwa sauti, maana macho yangu siku hizi hayamalizi ukurasa. Mmesema mnataka kumkumbuka mchoraji wetu, marehemu Sam Joseph Ntiro, na kwamba mngependa mzee aseme neno kabla ya chakula. Neno ninalo. Huenda si lile mlilolitarajia, lakini nivumilieni, maana na mimi niliwavumilia mlipokuwa mnachora mti kwa kuanza na kivuli chake.

Mstari wa kwanza wa karatasi yenu unasema Balozi. Wa pili unasema New York. Wa tatu unasema London, kwa herufi kubwa. Mwalimu nimemtafuta sana. Nimemkuta chini kabisa, neno moja, limebanwa kati ya tarehe ya kufariki na majina ya waliochangia shughuli. Nimechoka na kumbukumbu za namna hii, na nimehudhuria nyingi. Mtu anafundisha umri wake wote, kucha hazitoki rangi, siku akifa tunaanza kutafuta ni wapi aliwahi kuitwa mheshimiwa. Hata kama uheshimiwa wenyewe ulikuwa wa miaka mitatu tunaushika huohuo, na miaka ya darasani tunaipitia juu kwa juu.

Hebu niambieni, mnaona haya gani? Nchi hii ilimwita Rais wake Mwalimu mpaka tukamzika Butiama, na hakuna aliyesema amepunguziwa cheo. Nanyi ni walimu. Mkishazoea kuuweka ualimu mwisho katika maisha ya marehemu, mtoto wa kidato cha pili anayewatazama atakuwa amejua mapema afikiri nini juu yenu.

Basi tumpange upya, polepole, na mmoja wenu aandike.

Alizaliwa mwaka 1923, Machame, chini ya mlima, kwenye nchi ya vihamba: migomba juu, mibuni chini yake, mfereji wa maji pembeni, na vijia vyembamba ambavyo watu wawili wakikutana lazima mmoja asogee, na akisogea lazima wasalimiane. Hilo la vijia liandikeni. Mtalihitaji mtakapofika kwenye picha zake. Miaka ya 1940 akaenda Makerere, Kampala, kwa sababu Tanganyika haikuwa na chuo kikuu. Chetu kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961. Kijana mwenye kichwa wa Machame alivuka mpaka kwenda kusoma, kama alivyovuka Nyerere kutoka upande wa Musoma katika miaka hiyohiyo ya 1940, naye akisomea ualimu.

Na hapo Makerere msiruke. Karatasi yenu imeruka. Imesema "baada ya masomo Makerere" ikaenda zake London. Aliyemfundisha ni nani? Mnamkumbuka mwalimu, halafu mnamfanya mtu aliyeota peke yake?

Alifundishwa na Mwingereza, Margaret Trowell. Mume wake, Hugh Trowell, alikuwa daktari, yule aliyechunguza na kuandika sana juu ya kwashakoo kwa watoto wa Uganda. Walifika Kenya mwaka 1929, wakahamia Uganda mwaka 1935. Mama huyo alikuwa amesoma uchoraji Slade, London, kisha akasomea ualimu kwa Marion Richardson. Mwaka 1937 akaanza kufundisha kuchora na kuchonga kwenye baraza ya nyumba yake, Mulago. Hapakuwa na idara wala jengo wala diploma. Miaka miwili baadaye kazi za wanafunzi wake zilioneshwa London, na kutoka kwenye baraza ile ndiyo ikakua shule ya sanaa ya Makerere ambayo mpaka leo ina jina lake.

Namna yake ya kufundisha ndiyo ninayotaka muiandike kwa kirefu, hata kama itabidi mkate sehemu ya ubalozi. Hakuanza kwa kuweka chupa na machungwa mezani na kuwaambia watu wachore wanachokiona. Alianza kwa kusimulia. Alieleza tukio kwa maneno: watu wanatoka sokoni, jua liko wapi, nani ametangulia, nani amebeba nini. Mwanafunzi akasikiliza, akafumba macho mpaka picha imjie, kisha akachora ile iliyomjia. Mwalimu hakuwa nayo ubaoni, kwa hiyo hapakuwa na cha kunakili. Njia hii aliipata kwa Richardson, ambaye aliitumia kwa wasichana wa shule katika mji wa Dudley, huko Uingereza, kwenye moshi wa viwanda. Ikafika Mulago ikakuta vijana waliolelewa kwa hadithi za bibi zao jikoni. Sidhani kama iliwashangaza. Kilichowashangaza, nadhani, ni kwamba mwalimu wa shule aliitambua kuwa ni mwanzo wa somo.

Sasa najua mtakachosema, maana mmesoma kuliko sisi na mmesoma vizuri. Mtasema mama yule alikuwa mtu wa enzi ya ukoloni, aliyeamini Mwafrika asiharakishwe kupewa kanuni za uchoraji za Ulaya, eti zitaharibu kipaji chake. Nani alimpa mamlaka ya kuamua Mwafrika asijifunze nini? Swali ni la haki. Liulizeni kwa sauti, hata mbele ya wageni. Mwalimu anayemficha mwanafunzi kanuni kwa sababu anampenda bado amemficha. Trowell alipostaafu mwaka 1958, aliyemfuata, Cecil Todd, aligeuza mambo: nadharia ya rangi, historia ya sanaa ya Ulaya, kuchora kitu kama kilivyo. Ubishi kati ya njia hizo mbili haujaisha. Nyinyi wenyewe mlikuwa mkiubisha kwenye benchi la nyuma mkidhani sisikii.

Mimi nimefundisha kwa njia zote mbili na hukumu yangu nitawapa, muichukue au muiache. Kanuni ya kufanya barabara ionekane inaenda mbali inafundishika katika wiki chache. Nimewafundisha hata wale waliokuja darasani kwa sababu tu walifukuzwa kwenye fizikia. Lakini mtoto aliyekwisha kuamini kwamba alichokiona kwao hakistahili kuchorwa, huyo mtakaa naye miaka. Utamwambia achore nyumba, atachora nyumba yenye bomba la moshi juu ya paa, na theluji. Ukimuuliza ameiona wapi, anasema kwenye kitabu. Trowell alikosea mengi, ila ugonjwa huu aliuona mapema, na dawa yake ilifanya kazi kwa watu kama Gregory Maloba na Ntiro, ambao wote wawili walibaki Makerere wakawa walimu. Maloba ndiye aliyesimamisha sanamu ya uhuru mjini Kampala mwaka 1962, yule mtu aliyefungwafungwa anayemwinua mtoto juu. Baadaye akaenda kufundisha Nairobi.

Ntiro alianza kufundisha Makerere mwishoni mwa miaka ya 1940. Kwa hiyo alipokwenda Slade mwaka 1952, chuo kilekile alichosoma mwalimu wake, hakwenda kama kijana anayetafuta kujijua. Alikwenda tayari ni mwalimu, ana wanafunzi wanaomsubiri. Hili linabadilisha namna ya kuisoma safari hiyo. Karatasi yenu inasema alikwenda "kunolewa". Alinolewaje? Alikaa London miaka mitatu, akatazama walichotaka atazame, akarudi, na picha zake zikaendelea kuwa za Uchagani: watu wadogo, wengi, wako kazini pamoja, sura zao hazina haja ya kutambuliwa mmoja mmoja, ardhi imewazunguka na kijani kizito. Wako wakosoaji waliolalamika kwamba Slade haikuonekana kwenye brashi yake. Wengine walisema alidumaa.

Simtetei kwa kila kitu. Zipo picha zake ambazo ningetamani azirudie, na mtu akiziweka nyingi pamoja ukutani atahisi amekwisha kuiona inayofuata kabla hajaifikia. Lakini jiulizeni kama walimu: mtu anayerudi kutoka London mwaka 1955, wakati London ndiyo iliyokuwa inaamua kipi kizuri, akasimama mbele ya vijana wa Afrika Mashariki akiwa bado anachora kihamba cha kwao, anawafundisha nini kabla hajafungua mdomo? Wale vijana walijua alikotoka. Walijua angeweza kuchora vingine. Hilo ni somo ambalo hakuna muhtasari wa masomo utakaoliandika.

Tuje kwenye New York, kwa kuwa mnaipenda. Ndiyo, picha yake iko kwenye Museum of Modern Art. Aliichora mwaka 1956, wakainunua mwaka 1960. Mmeandika "picha yake iko New York", mkaweka nukta. Picha gani? Picha ya nini? Hakuna aliyeniuliza, na nina wasiwasi hamkuulizana. Ni picha ya wanaume wanaompelekea bibi harusi mbege usiku.

Basi kaeni hapo kidogo. Mgeni wa Marekani anasoma kibandiko kwamba ni pombe ya ndizi, anatikisa kichwa, anasogea kwenye picha nyingine. Nyinyi mnajua mbege. Ndizi zimechaguliwa, zimemenywa, zimechemshwa, zimeachwa siku kadhaa zichachuke. Ulezi umelowekwa ukaota, ukaanikwa, ukasagwa, ukapikwa uji. Gome la msesewe limetafutwa liipe uchungu. Kuni za mtu mmoja hazitoshi, mikono ya nyumba moja haitoshi, na pombe yenyewe haisubiri. Ikishaiva, inanywewa siku zake, au inaharibika. Ndiyo maana watu wako njiani usiku. Wamebeba kazi ya ukoo mzima kuipeleka kwa msichana mmoja, kwenye vile vijia vyembamba nilivyowaambia muandike. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na aliyechora jambo hilo alikuwa anajua lilivyoundwa kuanzia jikoni.

Na tazameni mwaka. 1956. Hajawa balozi wa mtu yeyote. Ni mwalimu wa chuo. Picha mnayojivunia kwamba imefika ng'ambo ni kazi ya mwalimu aliyekuwa kazini, miaka mitano kabla ya bendera yetu kupanda. Kwa hiyo hata huo umaarufu mnaoutaka, ukiufuata nyuma kwa subira, utawarudisha darasani.

Ubalozi wenyewe nitausema kwa kifupi kwa sababu ulikuwa mfupi. Desemba 1961 Tanganyika ikawa huru, akapelekwa London kuiwakilisha, akakaa huko mpaka 1964. Mchoraji kuwa balozi wa nchi changa ni jambo la kujivunia, sikatai. Lakini angalieni na upande wa pili. Nchi ilikuwa na wasomi wa kuhesabika, na kila ofisi mpya ilipotafuta mtu ilimtafuta shuleni. Walimu walitolewa madarasani kwenda wizarani, kwenye balozi, kwenye mashirika. Ilibidi iwe hivyo. Ila sijawahi kusikia hotuba hata moja iliyouliza darasa lililoachwa lilifundishwa na nani.

Jambo moja kando, kabla sijasahau. Mke wake msimwache nje ya karatasi. Aliyeoana naye mwaka 1958 ni Sarah Nyendwoha, Mnyoro wa Hoima, aliyehitimu Oxford mwaka 1954 na kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kupata shahada ya chuo kikuu. Mwalimu naye. Alipopangiwa mshahara mdogo kuliko wa wanaume wenye elimu kama yake alikataa kuupokea, akaona afadhali afundishe bila malipo kuliko kukubali kipimo kile. Wasichana wenu darasani wakisikia habari hiyo watainua vichwa zaidi kuliko mkiwatajia New York.

Haya, tuendelee. Baada ya London alirudi nyumbani, akashika shughuli za utamaduni serikalini, kisha akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Someni tena sentensi hiyo. Mtu amekwisha kuitwa Mheshimiwa, amekula meza moja na wakubwa wa Uingereza, halafu anakwenda kusimama mbele ya vijana wenye penseli butu na kuwauliza kwa nini mikono ya huyu mtu ni mifupi. Hakulazimika. Wangapi mnawajua waliotoka darasani kwenda ofisini wakarudi? Mimi nahesabu, na mkono mmoja unanitosha. Hapa ndipo ungeanza mstari wenu wa kwanza.

Alifariki mwaka 1993, na sasa tuko hapa tunagombania mistari.

Mtu mwingine mtakayemtaja, kwa kuwa najua mtataka kuonesha ukoo wa sanaa hii, ni Elimo Njau wa Marangu. Naye alipita Makerere miaka ya 1950, akachora zile picha kubwa za ukutani katika kanisa la Murang'a, Kenya, lililojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa Mau Mau. Maisha ya Yesu yakawekwa katikati ya vilima vya Wakikuyu. Mwaka 1965 yeye na wenzake wakafungua jumba la sanaa la Paa ya Paa, Nairobi. Njau alichukia kuiga kuliko mtu yeyote ninayemfahamu kwa habari zake. Kwake kuiga kulikuwa karibu na kufuru. Na Profesa Elias Jengo, ambaye naye alisoma Makerere, alifundisha Dar es Salaam kwa miongo mingi. Walimu wengi wa sanaa wa mikoani wamepita mikononi mwake. Hawa waandikeni pia. Mwalimu huonekana vizuri akizungukwa na walimu wenzake.

Lakini msije mkadhani ualimu wote ulipita Makerere. Mwaka 1968, wakati wasomi wetu wanajadili sanaa ya taifa ni ipi, kijana kutoka Tunduru anayeitwa Edward Saidi Tingatinga alikuwa Dar es Salaam anachora wanyama na ndege kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi ya kupaka baiskeli. Akawachukua vijana wachache, wengi ndugu zake, wakakaa chini, mmoja anapaka rangi ya nyuma, mwingine anatia madoa ya chui, wakijifunza kwa kufanya. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kwa kumdhania mhalifu, akafa. Miaka minne tu. Leo mamia ya watu wanakula kwa jina lake, na chama chao cha ushirika kiko palepale Oysterbay. Cheti cha ualimu hakuwa nacho.

Hapa mtanibana, kama mlivyonibana siku moja darasani: mbona wanafunzi wa Tingatinga walimwiga, na Njau anakataza kuiga, na wewe mzee unawasifu wote wawili? Nawasifu wote wawili bila raha. Fundi hujifunza kwa kumfuata fundi, na njaa haisubiri mtu apate mtindo wake mwenyewe. Ila chui wa mwaka 1970 alichorwa na mtu aliyekuwa anamtafuta chui bado. Chui wa leo kwenye duka la watalii ameshapatikana zamani, anatolewa nakala. Ntiro alikuwa katikati ya hao wawili. Alijirudia yeye mwenyewe, hakumrudia mwalimu wake.

Sasa niwageukie nyinyi, na nitasema bila ukali kwa sababu najua mishahara yenu na najua madarasa yenu yalivyo. Mnafundisha watoto wengi kwenye chumba kimoja. Kipindi cha sanaa kiko baada ya chakula cha mchana, siku ya Ijumaa, na mtihani wa taifa ukikaribia mwalimu wa hisabati anakiomba, nanyi mnampa. Wakati mmoja somo letu liliingizwa ndani ya Stadi za Kazi pamoja na mapishi na bustani, wakati mwingine likaitwa jina jingine. Jina libadilike litakavyo. Nililoliona mimi nilipokuwa natembelea shule moja na nyingine ni kwamba mwalimu amebandika ubaoni picha ya kalenda, ua la kizungu kwenye glasi, na darasa zima linanakili. Anayekaribia ua anapata tisini. Mmoja nyuma amechora baba yake anashusha mkungu wa ndizi, mkungu umekuwa mkubwa kuliko baba, amepewa thelathini na tano na maandishi mekundu: "Uwiano!"

Wanangu, mkungu ule ulikuwa mkubwa kuliko baba. Mtoto yule alikuwa chini ya mgomba akiushika. Alichora uzito. Uwiano mngemfundisha muhula ujao, kwa upole, naye angewasikiliza kwa sababu mlikwisha kuuona mkungu wake. Mkiweza kumkumbuka Ntiro kwenye jambo moja tu, iwe ni hapo, penye kalamu nyekundu.

Nimesikia pia, na aliyeniambia yuko hapa, kwamba baadhi yenu mnaona kufundisha kumewaua kama wachoraji. Hamjashika brashi kwa ajili yenu wenyewe muda mrefu, na wenzenu waliokimbilia kubuni matangazo mjini wana magari. Sitawadanganya kwamba kufundisha hakuli. Kunakula. Trowell anajulikana kwa wanafunzi wake kuliko kwa picha alizochora yeye. Ntiro angeweza kuchora zaidi kama asingebeba kila alichopewa kubeba. Lakini ile ya mwaka 1956 aliichora akiwa anafundisha, kwa hiyo msitumie darasa kuwa kisingizio cha kila jioni. Anayetaka kwenda kwenye matangazo aende, mimi nitamwombea. Ila anayebaki abaki kweli. Mtoto humjua haraka mwalimu ambaye mwili uko darasani na macho yako dirishani.

Kuhusu shughuli yenyewe, nina maagizo machache.

Nendeni kwa waliosoma kwake Dar es Salaam kabla sisi wazee hatujaisha wote. Umri wetu mnauona. Mkifika msiwaulize "alikuwa mtu wa namna gani". Watawajibu alikuwa mpole, mchapakazi, mpenda watu, na mtaondoka mikono mitupu, kwa sababu hayo husemwa juu ya kila maiti. Waulizeni alipokuja nyuma ya kiti chako alisimama upande gani. Aliwahi kuchukua brashi mkononi mwako akarekebisha mwenyewe, au alikuacha uhangaike? Picha ikiharibika alisema anza upya au endelea nayo? Alikuwa anatazama kazi ya nani kwanza, ya mwenye kipaji au ya aliyekata tamaa? Hayo ndiyo maisha ya mwalimu wa sanaa, na yakiondoka na wazee hao hakuna makumbusho yatakayoyanunua.

Kila mmoja wao ana kitu nyumbani: daftari la michoro, karatasi iliyokunjwa kwenye Biblia, fremu iliyokaliwa na mchwa nyuma ya kabati. Msiombe kuchukua. Pigeni picha, andikeni nyuma kwa penseli jina la aliyechora, mwaka, na mahali. Kwa penseli, si kalamu ya wino, wino utapenya. Nimeona kazi nzuri za watoto wetu zikifungiwa maandazi kwa sababu tu hakuna aliyeandika ni za nani.

Siku yenyewe, hotuba ziwe mbili. Mgeni rasmi azungumze kama lazima, lakini kabla yake asimame mwanafunzi wa zamani. Watoto wa shule msiwasimamishe juani waimbe. Waketisheni chini ya miti, mmoja wenu awasimulie safari ya mbege usiku, polepole, nani ametangulia, nani amebeba, mbwa wa nani amebweka, kisha wafumbe macho, kisha wachore. Watakaouliza "mwalimu, nichore nini?" waambieni wachore ile iliyowajia. Na msiwaoneshe picha ya New York mpaka wamemaliza.

Na lile bango kubwa la sura yake mnalotaka kuchapisha Moshi mjini, nimeona bei yake kwenye karatasi. Fedha hiyo nunueni karatasi nene na rangi za maji zitakazowatosha hao watoto. Ikibaki, chapisheni sura yake ndogo muiweke mlangoni, na chini yake muandike Mwalimu Sam Ntiro. Mimi nitakuja kama miguu itakubali, ila mnitafutie gari. Pikipiki siiwezi tena.